Sinki la Miguu kwa Maalim Mfaume

Siku hizi mkinipigia simu mkaniomba nije "kuangalia tu", siji. Nimeangalia vya kutosha. Magoti yamegoma, kiuno kinanilalamikia hata nikiinama kuvaa kandambili, na pua, ambayo nilidhani kazi hii ingeimaliza kabla ya kiungo kingine chochote, ndiyo pekee iliyobaki nzima. Nikikaa hapa nje kwangu Mchinga, upepo ukigeuka tu najua karo la choo la nani limejaa. Ni adhabu kuwa na pua ya namna hii wakati huna tena kazi ya kuipa.

Lakini picha mnanitumia. Kijana anafunga sinki, anapiga picha, anaituma: "Shikamoo mzee, maji yanashuka kwa kusuasua, shida nini?" Marahaba. Kwenye picha naona sinki jeupe, koki inayong'aa na nusu ya uso wake anatabasamu. Mimi ningetaka kuona kilicho chini ya sakafu na kilicho juu ya paa, na huko hakuna anayepiga picha. Kwa hiyo nimeona niwaandikieni mara moja, kwa utulivu, halafu mniache nipumzike.

Kufunga mabomba kwenye nyumba mpya ni kazi ya raha. Kuta ziko wazi, mwenye nyumba bado anakupenda, na kosa likitokea ni la kwako mwenyewe, unalijua lilipo. Kazi inayommaliza mtu ni kuunga sinki jipya kwenye mabomba ya zamani, na hasa kwenye chumba cha chini. Unaingia nyumba ambayo mafundi kadhaa walishapita kabla yako, kila mmoja kaacha mambo yake ukutani, na wote ama wamekufa ama wamehamia Dar. Hakuna wa kumuuliza. Unabaki wewe na nyundo, unagonga ukuta na kusikiliza.

Mimi nilifundishwa na Fundi Liwowa, Mmwera wa huko Rutamba, mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mipana isiyolingana na mwili wake. Enzi zake bomba la maji machafu lilikuwa la chuma. Kiungo ulikiziba kwa katani, halafu ukamimina risasi iliyoyeyushwa, na ukikosea ulivunja kwa patasi siku nzima huku mwenye nyumba amesimama mlangoni anakuhesabia chai uliyokunywa. Ndiyo maana tulikuwa tunafikiri kwanza. Ninyi mna gundi. Gundi inakauka kabla mtu hajamaliza kuwaza, na hapo mabomba ya plastiki yameshashikana kama ndugu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la mteremko. Tulikuwa Kilwa Masoko kwenye nyumba ya wageni, nikapewa bomba la sinki la jikoni. Nikajisemea, maji yanapenda kushuka, basi nikayashushe kweli kweli. Nikaliinamisha bomba kama ngazi. Fundi Liwowa aliliona akanyamaza, akaniacha nimalize, nizike, nisawazishe na udongo. Mwezi haujaisha tukaitwa. Maji yalikuwa yanakimbia mbele na kuacha nyuma wali, magamba ya samaki na mafuta, kila kitu kimelala humo ndani kinaoza. Nikafukua peke yangu. Yeye alikaa kwenye kivuli anakula muhogo wa kuchemsha, na kila nilipoinua kichwa alinionyesha kwa kidole niendelee. Tangu siku hiyo mteremko wangu ni wa taratibu, na pima maji haikukosa tena mfukoni.

Lakini alichokuwa anakirudia kuliko vyote ni hewa. Ukimwonyesha kazi yako alikuwa hatazami sinki. Anakuuliza, "Maji yatashuka tu, hata wewe ukilala. Niambie hewa inaingilia wapi." Kama huna jibu, anaondoka.

Sasa niwaambieni habari ya Maalim Mfaume, kazi yangu ya mwisho ya maana, kwa sababu humo ndani yamo yote.

Maalim alikuwa mwalimu wa madrasa pale Lindi. Nyumba yake ni ya zamani, ya mawe, imekaa kwenye mteremko nyuma ya mji. Ukitokea barabarani unaingia moja kwa moja kwenye vyumba vya juu, na paa upande huo limeinama hadi unaweza kulifikia kwa ngazi fupi. Ndani kuna ngazi za kushukia chumba cha chini, ambacho nusu yake imechimbwa kwenye kilima, na mlango wake unatokea uani nyuma. Hapo uani ndipo ilipo chemba, shimo dogo lenye mfuniko ambalo mabomba yote hukutana kabla ya kwenda kwenye karo.

Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Akawa hawezi tena kupanda ngazi, wakamhamishia chumba cha chini, ambacho hakikuwa na hata tone la maji. Choo na sinki vyote vilikuwa juu. Kila ikifika swala, mwanawe Hamisi anashuka na beseni na birika, anamshika mkono, anamtawadhisha: viganja, mdomo, pua, uso, mpaka miguu.

Siku niliyokwenda kupima, mkewe Bi Somoe alinipa kiti karibu na kitanda. Maalim alizungumza polepole, mdomo umevuta upande mmoja, lakini akili ilikuwa imetulia.

"Fundi, mimi nimefundisha watoto kutawadha tangu sijaoa," aliniambia. "Sasa mtoto niliyemfundisha mwenyewe ananiosha uso. Hamisi ni mtoto mwema, sina neno naye. Lakini kuoshwa na watu ni kwa maiti. Mimi bado."

Nilitoa kamba ya kupimia nikaanza kupima ukuta, maana nilihisi nikikaa vile vile nitalia mbele ya mgonjwa.

Tukakubaliana masinki mawili. Moja la uso na mikono, kwenye kimo cha mtu aliyekaa, na koki ya mkono mrefu ya kusukuma kwa kiwiko. La pili la miguu, chini karibu na sakafu. Katikati nimjengee benchi la saruji akae, asitegemee mtu. Aliposikia habari ya benchi alifumba macho akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayelionja jambo.

Mtaniuliza, na nyie huwa mna haraka ya kuuliza: maji ya udhu si machafu, kwa nini usitoboe ukuta ukayamwaga nje kwenye migomba? Nami niliuliza. Chini ya ua ule kuna nyumba ya jirani, Bi Tatu, na kila kinachomwagwa uani kwa Maalim kinaishia kwenye ukuta wa chumba cha kulala cha Bi Tatu. Walishagombana na kupatana kwa ajili hiyo mara nyingi. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuunge kwenye bomba la zamani, lile linaloshuka kutoka chooni juu, linapita kwenye kona ya chumba cha chini na kwenda kwenye chemba.

Hapo ndipo kazi ilipo. Sikilizeni vizuri.

Kwanza nilitaka kujua kama sinki la miguu litakuwa juu ya bomba la kuungia au chini yake. Nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikajaza maji, ncha moja nikaishika pale tundu la sinki litakapokuwa, ncha nyingine Hamisi akaishika kwenye chemba. Maji ya ncha mbili husimama kimo kimoja, hayana upendeleo. Tukaona tumebakiwa na nafasi ya kiganja tu. Nikaliinua sinki kwa tofali moja, nikamwomba Maalim ajaribu. Mguu wa kulia ulipanda wenyewe. Wa kushoto aliunyanyua kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya tofali, akatutazama kwa ushindi.

Pili, sikuunga pale bomba linapotua kutoka juu. Vijana wengi mnaunga hapo kwa sababu ndipo karibu. Mtu akimwaga ndoo chooni juu, maji yanatua hapo kwa kishindo, yanasukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo itatokea kwenye sinki lako. Nikasogea mbele, kwenye bomba lililolala, nikatumia kiungo cha mshazari, kile ambacho mkono wake umeinama kufuata maji yanakokwenda. Kila sinki nikalipa trapu yake, lile bomba lililopinda kama shingo ya bata ambalo hubaki na maji kidogo ya kuzuia harufu.

Tatu, hewa. Nyuma ya masinki nikapandisha bomba jembamba ukutani, likapita vyumba vya juu, nikaliunga kwenye bomba la hewa la zamani, lile linalotoka kwenye paa. Nililiunga juu zaidi ya kimo cha sinki la juu, ili siku mambo yakiziba, uchafu usipate njia humo. Kutoka barabarani nililitazama lile la zamani: limesimama, limenyooka, lina kichwa cha duara kama mabomba ya zamani yanavyovishwa kofia. Nikasema sawa.

Tukajaribu. Maji yakashuka vizuri sana. Bi Somoe akaleta chai ya tangawizi na vitumbua. Maalim akapelekwa kwenye benchi lake, akakunja mikono ya kanzu kwa meno, akanyoosha mkono kwenye koki.

Wakati huo huo Zuhura, mke wa Hamisi, yuko juu, akamwaga ndoo chooni.

Sinki la miguu likatoa sauti, bwuku, bwuku, kisha likafyonza kwa nguvu. Harufu ikaja. Haikuja kwa kujificha. Maalim aliutoa mkono kwenye koki, akaegemea nyuma, akakunja uso.

"Siwezi kutawadha juu ya choo, fundi," alisema. "Zibeni tu. Hamisi, niletee beseni langu."

Nawaambieni, nimefukuzwa kazini, nimetukanwa na wenye mahoteli, nimeangukiwa na tangi. Hakuna kilichonichosha kama kumwona yule mzee anamnyooshea mwanawe mkono aoshwe, huku masinki yangu mawili mapya yanamtazama. Nilimwomba aniachie siku chache kabla ya kuziba. Bi Somoe ndiye aliyesema, "Atakungoja. Sasa yeye ana safari gani?"

Nikarudi nikafungua chemba, nikasukuma waya, nikamwaga maji, nikakagua kila kiungo kwa mkono. Hakuna kitu. Nikalala nikiwaza mabomba. Mwisho nikakumbuka dawa ya Fundi Liwowa.

Yeye akitaka kujua njia ya hewa alikuwa anatia moshi. Anachukua chetezo, anawasha makumbi ya nazi, juu yake anatupia ubani, anakiteremsha kwenye chemba na kufunika kwa gunia lililoloa. Moshi unapanda kwenye mabomba. Ukitokea juu ya paa, hewa ina njia. Ukitokea mahali pengine, umeshaliona tatizo. Na ubani ni lazima, alisema, kwa sababu moshi wa makumbi peke yake unachanganyika na wa majiko ya majirani, lakini ubani pua haiwezi kuukosea.

Asubuhi yake nikafika na chetezo. Nikamwomba Hamisi tutoe kitanda cha Maalim nje uani, pamoja na godoro na mkeka, nipate kuona kila kona ya chumba. Maalim mwenyewe tukamkalisha kwenye kiti nyuma ya tangi la maji, penye kivuli, ili moshi usimsumbue. Nikawaambia wanawake wakae kimya, wasifungue maji, wasiwashe jiko. Nikateremsha chetezo, nikafunika gunia.

Sasa hebu simameni mahali pa Bi Tatu, jirani wa chini. Unajua Maalim mgonjwa. Unachungulia unaona kitanda chake kimetolewa nje, godoro limeegemezwa ukutani, nyumba kimya, jiko halifuki, na ubani unanukia mtaa mzima. Utafikiri nini?

Mimi sikufikiri chochote. Nilikuwa chumba cha chini nimepiga magoti mbele ya sinki la miguu. Juu Zuhura akasahau, akamwaga ndoo. Sinki likafyonza, maji ya trapu yakaondoka yote, na kupitia tundu ukatoka moshi mweupe wa ubani, taratibu, ukanijaa usoni. Nikatoka mbio uani kutazama paa. Juu ya bomba la hewa hakuna hata uzi wa moshi.

"Hamisi, ngazi!" nikasema.

Tukazunguka upande wa barabarani. Nikapanda mwenyewe, magoti yakalia, nikafika. Na hapo ndipo nilipouona ule upande wa paa ambao kutoka chini hauonekani. Yametandazwa makopa kutoka ncha hadi ncha. Muhogo wote wa familia, umemenywa, umepasuliwa, unakaushwa juu ya mabati. Katikati ya makopa limesimama bomba la hewa, na ile niliyoiita kofia ilikuwa kifuu cha nazi, kimefunikwa juu ya bomba na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kazi safi kabisa. Hata mimi nisingeweza kuziba vizuri vile.

"Zuhura!" niliita. "Nani kafunika hili bomba?"

Akatokea kwa chini, ameshika kiuno. "Mimi. Makopa yalikuwa yananuka choo. Baba mwenyewe ndiye aliyelalamika, akasema ugali gani huu."

Nilicheka peke yangu juu ya bati la moto. Nikakata mpira kwa kisu, nikang'oa kifuu, na moshi wa ubani ukatoka kwa nguvu, ukapanda juu mweupe, mnene, hadi nikakohoa. Ndipo nikasikia kilio kutoka kwa Bi Tatu. Nikageuka. Barabarani watu walikuwa wanakuja, wanawake wamejifunga kanga kichwani, wanaume wamebeba majamvi, kijana mmoja wa bodaboda anashusha wazee wawili. Mtu mwingine kashika jembe.

"Wewe fundi!" mzee mmoja aliniita kwa hasira. "Shuka huko, hata msiba huuheshimu?"

"Msiba wa nani?"

"Unauliza msiba wa nani na wewe umekaa juu ya paa lake?"

Hata mimi niliamini. Nisiwafiche. Nilimwacha mgonjwa nyuma ya tangi, ametulia, sijamwangalia tangu asubuhi, na sasa mtaa mzima unalia. Nikakaa juu ya makopa na kifuu mkononi. Nikamwona anaondoka duniani akiwa ameoshwa na mwanawe mpaka siku ya mwisho, kwa sababu mimi sikupanda ngazi fupi. Sijui nilishukaje. Nilizunguka nyumba nakimbia, na miaka yangu hii, nikafika uani.

Maalim alikuwa amekaa pale pale. Bi Somoe amesimama pembeni yake na kibao cha mbuzi mkononi. Kilio cha Bi Tatu kilikuwa kinasikika vizuri sana.

"Nani kafariki?" Maalim alimuuliza mkewe.

"Wanasema ni wewe."

Alifikiri kidogo. "Lini?"

"Asubuhi hii."

Akageuka kunitazama mimi, nilivyokuwa ninahema. "Na masinki je, fundi?"

Nikaketi chini kwenye mchanga. Nikamwambia, Maalim, bomba la hewa lilikuwa limezibwa kwa kifuu kwa ajili ya ugali wako, maji ya chooni yakawa yanavuta hewa kwenye sinki lako, na sasa limefunguliwa, na nitaliongezea kipande liende juu zaidi ili harufu ipite mbali na makopa, na mdomoni nitaweka kipande cha chandarua kuzuia wadudu. Aliitikia kila neno kwa kichwa.

Watu wakaanza kushuka uani. Wa kwanza akasimama ghafla, wa nyuma yake wakamgonga. Bi Tatu alijiziba mdomo kwa kanga. Yule wa jembe akalificha nyuma ya mgongo, na jembe ni kitu kigumu kuficha. Hakuna aliyejua aseme pole au aseme alhamdulillahi. Majamvi yako mabegani.

"Karibuni," Maalim alisema. "Mmekuja kunisalia. Adhuhuri hiyo inaingia. Tandikeni. Nitawadhe, tusali wote."

Hamisi akaenda kuchukua beseni.

"Acha."

"Baba, watu ni wengi, watakungoja."

"Wamekuja kunizika, Hamisi. Wana haraka gani?"

Nikamwomba Zuhura apande juu amwage ndoo chooni, tena ile kubwa. Mimi nikainamia sinki la miguu. Maji yalipita ukutani, yakatua, yakaenda zake. Sinki halikusema kitu. Nikajaza trapu upya, nikamwambia tena amwage. Kimya. Nikanusa kwa pua hii mnayoisikia. Chumba kilinukia ubani tu.

Hamisi akamsimamisha baba yake, akampa fimbo, akamfikisha mlangoni. Maalim akaingia mwenyewe, akausukuma mlango kwa bega ukafungika.

Uani hakuna aliyetandika jamvi. Tulisimama. Tukasikia benchi likipokea mwili, kisha koki ikafunguka, ikafungwa. Ikafunguka tena. Adhana ikapigwa msikitini, ikaisha, hakuna aliyeondoka. Ndani mambo yalikwenda taratibu mno. Mara fimbo ikaanguka kwenye sakafu kwa kishindo. Hamisi aliruka kuelekea mlangoni, na Bi Somoe akamdaka shati kwa nyuma.

"Muache," alisema.

"Mama, ameanguka."

"Fimbo ndiyo imeanguka. Muache baba yako."

Akasimama, mama bado kamshika shati. Tukasikia fimbo ikikokotwa kwenye saruji. Kisha maji tena, kwa chini safari hii. Nikajua yuko kwenye sinki la miguu.

Mlango ulipofunguka, Maalim alikuwa amesimama peke yake. Ndevu zinadondosha maji, kanzu imeloa mpaka kiunoni, mikono ya kanzu imekunjwa upande mmoja juu kuliko mwingine. Watu wale uani karibu wote walikuwa wanafunzi wake, hata wenye mvi. Na alikuwa na tabia yake moja ambayo kila aliyepita mkononi mwake anaijua: ukimaliza kutawadha hakutazami usoni, anatazama visigino, na kisigino kikavu kinakurudisha kwenye maji. Basi bila kupangana, bila mtu kumkonyeza mwenzake, uani mzima ukatazama visigino vya Maalim.

Cha kushoto kilikuwa kikavu. Kina vumbi la asubuhi.

Hamisi aliinamisha kichwa. Bi Tatu akaanza kulia tena, kimya kimya safari hii. Maalim akatutazama mmoja mmoja, akafuata macho yetu mpaka chini, akausukuma mguu wa kushoto kwa fimbo ukageuka, akakiona.

"Nani amekiona kwanza?" aliuliza.

Yule wa jembe, mtu mzima mwenye wajukuu, akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi, Maalim."

"Vizuri. Simama hapo hapo, unikague tena nikitoka."

Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na tukasikia maji yakifunguliwa.